Walimuuliza Aliyenisukuma

Katika siku nne tulizokaa Nairobi, watu walizungumza na ndugu yangu juu ya kichwa changu. Mwenye duka alimuuliza yeye nilichotaka. Mwuguzi alimuuliza yeye ninaumwa wapi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi karibu na soko alimpa yeye ndizi mbili, akasema, "Moja yako, baba, na moja ya mgonjwa wako." Mimi nilikuwa nimeketi pale pale mbele yake, mikono juu ya magoti, na masikio yangu hayakuwa na ugonjwa wowote.

Siku ya kwanza tulicheka sana. Tulipompita yule mama, ndugu yangu aliinama akaninong'oneza, "Mgonjwa wangu, utakula sasa au nikumenyee?"

"Nimenyee, baba," nikamjibu.

Lakini neno lile, baba, alilichukua akaenda nalo. Nilimwona. Nyumbani hakuna aliyemwita hivyo, hata kwa heshima ya kupita tu. Nyumbani alikuwa mvulana, na aliyemweka katika uvulana ule ni mimi.

Kwetu ni karibu na Tulia, upande wa Kitui, mahali ambapo mchanga ni mwingi kuliko maji. Nilipata homa nikiwa na umri wa kuchunga mbuzi, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu yangu. Baba alinibeba mgongoni asubuhi na jioni kunipeleka shule ya misheni, nami nikajua kusoma na kuandika kabla hajafa. Mama alimfuata mwaka ule nzige walipokula mpaka nyasi za mapaa. Tukabaki watatu: mimi, ndugu yangu, na dada yetu mdogo. Shule yangu ikaishia hapo. Hapakuwa tena na mgongo wa kunipeleka, na hata ungekuwapo, nani angewalisha hawa wawili wakati mimi nasoma?

Ndugu za baba walikuja kutugawa, mmoja aende huku, mwingine kule. Walisema kwa huruma, siwalaumu. Nilijikokota mpaka kwenye mlango wa nyumba ya mama, nikaketi kizingitini, nikawaambia kwamba atakayeingia kuwachukua watoto itabidi aniruke. Hakuna mtu wa kwetu anayemruka mzaliwa wa kwanza aliyeketi mlangoni. Wakasimama, wakakohoa, wakarudi kwao.

Nikaanza kuchonga. Kuchonga ni kazi ya kukaa, na mimi kukaa nilikuwa najua. Nilichonga miiko, mabakuli, na viti vidogo vya miguu mitatu. Ndugu yangu alilima na kuchunga, dada alichota maji. Siku za soko ndugu yangu alinibeba mgongoni mpaka Tulia, miiko ikining'inia shingoni mwake na kugongana, hata watu wakatusikia kabla ya kutuona. "Wale wenye kengele wamefika," walisema.

Sasa lazima nieleze habari ya jando, maana yote yaliyotokea yalitoka hapo. Siku zile mtoto wa kiume wa kwetu alipita jandoni mara mbili. La kwanza ni la kisu, nalo huisha utotoni. Mimi na ndugu yangu tulikuwa tumelipita. La pili, jando kubwa, ndilo linalomfanya mtu awe mtu: siku nyingi pamoja na wazee, nyimbo, mbio, ngoma, na mwishowe kusimama bila kutetemeka mbele ya kifaru cha miti na ngozi kinachonguruma. Asiyepita hapo haketi na watu wazima wala haposi, hata mvi zimjae kichwani. Na katika ukoo wetu, mdogo hampiti mkubwa wake wa tumbo moja. Kama mkubwa hawezi kwenda, ni lazima aseme kwa kinywa chake mbele ya wazee, na mbuzi achinjwe: nimekubali kupitwa.

Mimi sikuweza kukimbia, wala kusimama mbele ya chochote. Kila mwaka mjomba wetu, kaka wa mama, alikuja akaketi karibu na vipande vyangu vya miti.

"Mwanangu, umelifikiria lile neno?"

"Bado, mjomba."

"Ndugu yako ameanza kuota ndevu."

"Hata mimi ninazo."

"Zako zimekaa," akasema. "Zake zinataka kutembea."

Nilikataa mwaka wa kwanza, nikakataa wa pili na wa tatu. Watu walidhani ninangoja mbuzi apatikane. Ukweli ni kwamba ukubwa wa kuzaliwa ndicho kitu pekee changu kilichokuwa kimesimama wima. Ningesema neno lile, ningebaki nani? Mtu wa kubebwa tu. Ndugu yangu hakuwahi kuniomba. Wenzake waliokwisha kupita walimwita kivisi, ndiyo kusema kijana mdogo wa kuchunga ndama, nao walikuwa hawamfikii begani. Alicheka nao. Kisha alirudi nyumbani akapasua kuni nyingi kuliko tulizohitaji.

Karani wa boma alipokuja Tulia pamoja na chifu kuandikisha wanaume kwa ajili ya kipande, ile karatasi ya serikali ambayo kila mwanamume mzima Mwafrika alilazimishwa kutembea nayo, aliniandika mimi kwa kuwa nilikuwa mwenye nyumba. Nilibonyeza vidole kwenye wino, karatasi ikatiwa ndani ya kikebe cha bati, nikakivaa shingoni. Kisha akaielekeza kalamu kwa ndugu yangu, ambaye ndiye aliyekuwa amenibeba.

"Na huyu?"

"Huyo ni mtoto," nikasema.

Karani akamtazama, akaitazama foleni ndefu nyuma yetu, akasema, "Haya." Sikudanganya. Kwa hesabu ya kwetu ilikuwa kweli tupu. Kwa hesabu hiyo hiyo hata mimi nilikuwa mtoto mwenye nyumba, ila hilo hakuna aliyeniuliza.

Kiti kilitoka misheni. Bibi mmoja Mzungu alikitumia katika uzee wake mpaka akafa, kikabaki kwenye ghala. Kilikuwa cha kusukwa kwa henzirani, kikiwa na magurudumu mawili makubwa ya mpira mgumu na moja dogo nyuma. Hakikuwa na breki, na kilivuta kushoto, kama punda anayejua njia ya kwao. Mwuguzi wa misheni alinipa pamoja na barua. Alisema Nairobi kuna daktari anayetazama miguu kama yangu, na kwamba nisitumaini sana, lakini nitumaini kidogo.

Pale nyumbani kiti kilizama mchangani hatua ya tatu. Ndugu yangu hakujali. Alikipaka mafuta, akakipangusa kila asubuhi, akamwambia dada yetu, "Kaka akipona, anapita jando kubwa. Mimi nafuata nyuma yake mwaka huo huo. Utachoka kutupikia."

"Na asipopona?" dada akauliza.

"Wewe nawe! Unaanza na mabaya."

Mimi nilikuwa nikichonga, nikaendelea kuchonga.

Tulisafiri kwa lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Kitui mjini, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na misafara ya zamani akaoa kwetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye Kiswahili kinachoteleza. Alikiangalia kiti, akaniangalia mimi, si ndugu yangu, akauliza, "Bwana mdogo, unapenda kukaa mbele na mimi au juu na magunia ya ndengu?" Nilikaa mbele. Ndugu yangu alikaa juu ya magunia, amekishika kiti mikononi safari nzima.

Nitasema jambo moja juu ya Nairobi ambalo sijamwambia mtu. Niliupenda mji ule. Ndugu yangu alinishusha kwenye barabara ngumu, akanisukuma mara moja tu, na kiti kikaenda. Hakikuzama. Ardhi ilipita chini yangu kama maji, na upepo ukanipiga usoni kwa mwendo ambao haukuwa wa mgongo wa mtu. Nilishika magurudumu kwa viganja, nikayazungusha mwenyewe. Nilikwenda hatua kama ishirini peke yangu. Kisha kiti kikavuta kushoto, nikaingia kwenye kapu la viazi la mtu.

"Dereva gani huyu!" mwenye viazi akampigia kelele ndugu yangu.

"Bado anajifunza," ndugu yangu akajibu, akiokota viazi.

Lakini mji ule ule ulikuwa umejaa vizuizi vya kunikatalia. Kila njia ya miguu ilikuwa imeinuliwa kwa jiwe, na kila jiwe lilitaka mikono miwili na pumzi. Tulijifunza kushuka kinyumenyume. Mitaro ya maji ya mvua ilifunikwa kwa vyuma vyenye nafasi, na gurudumu dogo lilizipenda nafasi zile. Maduka yalikuwa na ngazi. Choo kilikuwa na mlango mwembamba kuliko kiti, kwa hiyo ndugu yangu alinibeba kama zamani, na mtu mmoja akabaki nje akituchungia kiti huku akikikalia. Katika barabara ya maduka makubwa tuliambiwa tushuke kwenye njia ya miguu tupite katikati ya magari. Meza zote za kuuzia zilikuwa juu ya macho yangu. Mji mzima niliuona kwa kimo cha kifua cha watu, na kwenye kila kifua cha mwanamume mweusi nikaona kikebe cha bati kikigongagonga vifungo. Niliviona kwa mamia. Sikujiuliza chochote.

Tulilala Pumwani, kwa shangazi wa yule mwenye lori, mama mzee aliyetuandalia mkeka na chai. Hata yeye, kwa wema wake wote, alimuuliza ndugu yangu, "Anakunywa chai ya maziwa huyu?"

"Muulize mwenyewe, mama," ndugu yangu akasema. "Yeye ndiye mkubwa."

"Mkubwa? Nami nilidhani wewe ndiye babake!"

Ndugu yangu akacheka mpaka chai ikammwagikia. Nami nikacheka, lakini si sana.

Hospitalini tulikaa kwenye veranda asubuhi nzima. Daktari aliinua mguu wangu mmoja, akauachia, akainua wa pili. Aligonga magoti kwa kinyundo. Alichoma nyayo kwa sindano na kunitazama usoni. Kisha akanawa mikono, akasema maneno machache kwa msaidizi wake, na msaidizi akamgeukia ndugu yangu.

"Mwambie mishipa ilikufa zamani. Hakuna dawa. Asihangaike kwenda hospitali nyingine."

Nilikuwa nimesikia. Tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja kidogo. Lakini msaidizi alingoja, na ndugu yangu akaona kwamba anangojwa. Akachuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Kaka," akasema, "anasema haitarudi."

"Nimesikia."

"Haya."

Alinisukuma mpaka nje, chini ya ukuta wenye kivuli. Akasimama nyuma yangu, pale nisipoweza kumwona. Mtu anayesukumwa hamwoni anayemsukuma. Husikia pumzi yake tu. Pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo na hajui atauchukuaje tena.

"Kaka. Na sasa?"

Nilijua anachouliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza maishani mwake, na aliuliza kwa maneno mawili. Neno la kumjibu lilikuwa kinywani. Nilikuwa nimekwisha kuamua pale pale daktari aliponawa mikono, Mungu ni shahidi wangu. Lakini neno lile lina mahali pake na wazee wake na mbuzi wake, nami nikataka kulisema kama mkubwa anavyolisema, si kando ya ukuta wa hospitali nikiwa na soksi mkononi.

"Tutaongea nyumbani," nikasema.

Akasukuma.

Kesho yake tulikuwa tukienda mahali lori lilipopakia mizigo. Jua lilikuwa limepanda na lami imeanza kulainika na kushika mpira. Tulikuwa tumefika kwenye pembe ya barabara mbili wakati askari wawili waliposimama mbele yetu.

"Kipande."

Nikakitoa changu shingoni, nikakiinua. Askari mrefu hakukitazama.

"Si wewe. Huyu anasukuma. Kipande yake iko wapi?"

"Hana," nikasema. "Ni mtoto."

Askari alimtazama ndugu yangu kuanzia miguuni mpaka kwenye ndevu, polepole, kama mtu anayepanda ngazi. Akamwita mwenzake. "Njoo uone mtoto wa Wakamba. Wanawalisha nini huko?"

"Hajapita jando," nikasema. "Kwetu huyu ni mtoto. Mimi ndiye mkubwa wake, ninyi niulizeni mimi."

"Jando ni ya kwenu. Hapa ni Nairobi."

Wakamshika mkono, si kwa ukali. Ndugu yangu aliwaambia wamngoje kidogo. Alinisogeza mpaka chini ya veranda ya duka lililofungwa, pasipo na jua. Kwa kuwa kiti hakikuwa na breki na pale palikuwa na mteremko, alitafuta mawe mawili akayabana chini ya magurudumu makubwa, akayasukuma kwa kisigino yakakaza. Akakitikisa kiti kuhakikisha.

"Usiondoke hapa," akasema. "Nitarudi sasa hivi."

Wakaenda naye. Nikamtazama mpaka wakapinda kona.

Sikukaa. Mkubwa hakai ndugu yake akichukuliwa. Nikashika magurudumu nikayazungusha kwa nguvu zangu zote, na kiti hakikwenda popote. Yale mawe. Alikuwa ameyabana kwa upendo, na mikono yangu haikuyafikia. Niliinama kulia, nikainama kushoto. Niliwaita wapita njia. Mmoja alinirushia senti, nyingine ikafuata, nami nikiwa napiga kelele, "Mawe! Niondoleeni mawe!" Wakadhani naomba kwa namna ya kwetu. Mwishowe nilijiangusha. Nilijimwaga chini kwa ubavu, nikang'oa mawe kwa kucha, na kiti, kilipoona kimeachiwa, kikateremka peke yake kikagonga mti. Fundi mmoja Mhindi, aliyekuwa akishona ng'ambo ya barabara, alitoka na tepu yake shingoni, akakirudisha, akaniinua kwa kwapa akaniketisha. Aliniuliza mimi: "Unakwenda wapi?" Nikamwambia, kituo cha polisi. Akaninyoshea njia kwa mkasi.

Sijui nilikwenda kwa muda gani. Viganja vilichubuka, vikatoa maji, kisha damu, na magurudumu yakateleza. Kila hatua kumi ilibidi nipige upande wa kulia tu, kwa sababu ya ule uvutaji wa kushoto. Nilikwama kwenye chuma cha mtaro mara mbili, na mara zote mbili nikangoja mpaka mtu akaniona.

Kituo kilikuwa na ngazi sita. Nilizihesabu nikiwa chini. Nikasimamisha kiti hapo, nikaita. Nikaita jina la ndugu yangu, na jina la baba, na la ukoo, mpaka ofisa mmoja Mzungu, kijana tu, akatoka verandani kuona ni nani anayepiga kelele. Nikamweleza. Mkalimani alieleza tena, akicheka katikati. Ofisa hakucheka. Alikitazama kiti na viganja vyangu, akasema kitu, na ndugu yangu akaletwa verandani pamoja na watu wengine sita au saba waliokamatwa asubuhi ile.

Mkalimani akasema: "Bwana anauliza. Sheria ni ya watu wazima. Kama huyu ni mtoto, mchukue mwende zenu. Kama ni mtu mzima, atakwenda kortini. Ni mtoto?"

"Ni mtoto," nikasema. "Hajapita. Hawezi hata kuposa. Mimi namlea."

Wale waliokamatwa wakaangua kicheko.

"Kumbe ni mtoto! Mleteeni maziwa!"

"Mtoto, umemuaga mama yako?"

"Mwacheni, mwacheni, ataanza kulia."

Ofisa akainua mkono wakanyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo naamini kwake lilikuwa haki. Alimgeukia ndugu yangu mwenyewe, akamuuliza kwa Kiswahili chake, "Wewe. Wewe mtoto ama mtu mzima?"

Siku zote nne walikuwa wamemuuliza habari zangu. Hili lilikuwa la kwanza kuulizwa habari zake. Alinitazama kutoka juu ya zile ngazi sita. Hakuwa na hasira. Ningejua kama ingekuwa hasira, nilimlea. Alinitazama kama anayengoja niseme kitu, nami nilikuwa na kitu cha kusema, nilikuwa nacho tangu jana. Nikasema, "Sema wewe ni mtoto twende nyumbani."

Akamgeukia ofisa.

"Mimi ni mtu mzima," akasema.

"Anadanganya!" nikapiga kelele. "Mdogo wangu huyo, anadanganya!"

Hakuna aliyecheka safari hii, hata wale wengine. Ofisa akaandika. Walipokuwa wakimrudisha ndani, ndugu yangu alisimama mlangoni akamwambia askari mmoja, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayempa mtu kazi: "Mtafutie mtu wa kumsukuma mpaka kwenye malori. Mwambie ashuke kinyumenyume. Na amwangalie kwenye mitaro, kiti kinavuta kushoto."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema.

Mwenye lori aliahirisha safari kwa siku moja akaenda kuuliza kwa niaba yangu. Ndugu yangu alikuwa amehukumiwa kifungo cha miezi miwili. Hatukuruhusiwa kumwona. Tukarudi Kitui. Nilipewa nafasi ile ile ya mbele, na kiti kikafungwa juu kwa kamba.

Mwenye lori alinifikisha mpaka Tulia, na watu wawili wa soko wakakivuta kiti mchangani mpaka nyumbani. Dada yetu alitoka mbio, mikono imejaa unga. Hakunitazama miguu, kama nilivyotarajia. Alitazama nyuma ya kiti. Akazunguka akatazama upande wa pili, kama mtu anayecheza na mtoto aliyejificha.

"Yuko wapi?" akasema. "Kaka, yuko wapi?"

Siku ile ile nilimtuma amwite mjomba, na kesho yake wazee wakaja. Nikaomba nitolewe kwenye kiti niketi chini, kwenye kizingiti kile kile. Mbuzi aliletwa. Nikasema: nimekubali kupitwa. Ni maneno mawili tu. Yalitoka bila kizuizi, na sikuanguka, wala sikupungua, na jua likaendelea kuwaka. Mzee mmoja akauliza, kwa upole, "Na anayepita yuko wapi?" Mjomba akamgusa goti anyamaze. Mbuzi akachinjwa.

Nilimpa mwenye lori lile neno alipeleke. Alinirudishia jibu baada ya miezi miwili: alikwenda kwenye lango la jela siku iliyopangwa, akakuta wametolewa siku tatu kabla. Ndugu yangu alikuwa amepewa kipande, na siku hiyo hiyo akaandikwa kazi ya mkonge pamoja na kundi lililopelekwa mbali, upande asioujua vizuri. Mwenye lori alimwachia maneno kila mtu aliyekubali kuyachukua.

"Nimefanya niwezalo, mwanangu," akaniambia. "Yatamfika, inshallah."

Nilingoja. Mvua ilikuja, ikaja tena. Kisha siku moja ya soko mtu wa Nunguni, aliyekuja kununua viti vya kuuza kwao, alikiona kiti changu, akakizunguka, akasema amewahi kusikia habari za kiti kama hicho. Alikuwa amefanya kazi ya mkonge. Kambini kwao kulikuwa na Mkamba mmoja wa Kitui, mrefu, mfanyakazi hodari, aliyewasimulia jinsi alivyomtembeza kaka yake Nairobi yote.

"Tulimpenda," akasema. "Lakini alikuwa na mambo yake. Wenzetu wa Kitui waliokuwa pale waliandaa jando kubwa huko huko kambini, wazee walikuwapo, wakamwambia njoo, umri unakwisha. Akakataa. Alisema hawezi, ana kaka mbele yake."

"Lini?" nikamuuliza. "Ilikuwa lini?"

Akafikiri. Alisema ni mwaka jana, wakati wa kiangazi. Ilikuwa muda mrefu baada ya mbuzi wangu.

Baadaye kundi lile lilihama kuelekea pwani, na ndugu yangu alikwenda nalo. Mtu wa Nunguni hakujua zaidi. Nilimwomba akikutana naye amwambie kwamba neno limekwisha kusemwa, mbele ya wazee, na njia iko wazi. Aliahidi. Nilimwambia tena alipokuwa akifunga viti vyake, na mara ya tatu alipokuwa amekwisha kupanda njia, hata akageuka akanipungia mkono kuonyesha kwamba amesikia.

Dada yetu ameolewa sasa. Mumewe ni mtu mwema, naye ndiye anayenisukuma siku za soko, tangu walipomwaga changarawe kwenye njia ya Tulia. Hunisukuma vizuri, ila husahau. Tunakwenda kidogo, kiti kinaanza kuingia majanini, naye anashangaa kila mara kana kwamba ni jambo geni. Simlaumu. Nainua mkono wa kulia, napiga gurudumu, tunarudi njiani.